HEWA KATIKA BREKI ZA MOTOKAA

Dereva akanyagapo breki, pedali ikazama kwa ulaini kama sifongo, mara nyingi sababu ni hewa iliyopenya katika mafuta ya breki. Kasoro hiyo huonekana ndogo hadi gari lifikapo kwenye mteremko.

Kanuni

Blaise Pascal, mwanasayansi wa Ufaransa wa karne ya 17, alieleza kwamba kanieneo inayotiwa katika kioevu kilichofungiwa huenea sawasawa pande zote. Ikiwa pistoni ya silinda kuu ina eneo la sentimeta mraba 4, nayo inasukumwa kwa kani ya nyutoni 800, kanieneo ni nyutoni 200 kwa kila sentimeta mraba. Pistoni ya gurudumu yenye sentimeta mraba 20 itasukuma kwa nyutoni 4,000.

Hesabu hiyo yategemea kwamba kioevu hakishindiliki kwa urahisi. Hewa hushindilika. Kanieneo hiyo ni kama mara 20 ya ile ya angahewa. Kwa kanuni ya Boyle, sentimeta za ujazo 5 za hewa zitabanwa hadi kufikia robo ya sentimeta moja hivi. Pistoni kuu ikisogea sentimeta 2 husukuma sentimeta za ujazo 8 tu. Basi zaidi ya nusu ya mwendo wake hupotea bure.

Jinsi ya kutoa upepo

1. Gari liegeshwe mahali tambarare, injini izimwe, magurudumu yawekewe kabari. Likiinuliwa, lishikiliwe na stendi imara, si jeki peke yake.

2. Chombo cha mafuta kijazwe mafuta mapya ya breki ya aina iliyotajwa katika kitabu cha gari. Oili ya injini na petroli huharibu mipira ya silinda.

3. Katika magari mengi kazi huanzia gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu. Kitabu cha gari kifuatwe. Mpira mwembamba unaopitisha mwanga uvishwe kwenye nipeli, na ncha yake ya pili izamishwe katika mafuta safi ndani ya chupa.

4. Msaidizi akanyage pedali polepole na kuishikilia. Nipeli ifunguliwe, mafuta na mapovu yatoke, kisha ifungwe kabla msaidizi hajainua mguu.

5. Hatua ya nne irudiwe hadi mapovu yaishe, kisha gurudumu jingine lifuate. Chombo kisiachwe kikauke, kwani hewa itaingia upya.

Tahadhari

Mafuta ya breki hudhuru macho na rangi ya gari. Yaliyotoka yasirudishwe: mafuta ya kawaida hunyonya unyevu. Yale ya daraja la DOT 3, yakiwa mapya, hayachemki chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakinyonya maji kiwango hicho chaweza kushuka hadi 140, na mvuke hushindilika kama hewa.

Gari lisiendeshwe kabla pedali haijawa ngumu. Pedali ikiendelea kuzama, kuna uvujaji au silinda mbovu, na hiyo ni kazi ya fundi. Baadhi ya magari yenye breki za ABS huhitaji vifaa maalumu.

Maswali

1. Kwa nini ncha ya mpira huzamishwa katika mafuta?
2. Pistoni kuu ikisogea milimita 20 katika mfano wa hapo juu, pistoni moja ya gurudumu itasogea kiasi gani?
3. Malori mengi makubwa hutumia hewa iliyoshindiliwa katika breki zake. Kwa nini hewa hiyo si kasoro?