Tuisheni ya Hisabati: Kalamu Ishike Wewe

Wadogo zangu wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka na wa Lilongwe, leo tuongee hisabati, hasa na ninyi wa Fomu 3 na Fomu 4 mnaojiandaa kwa MSCE, mtihani wa kumaliza sekondari hapa Malawi. Kuna swali nalisikia kila mara: "Dada, tuisheni naenda, mwalimu akifundisha namwelewa kabisa, lakini kwenye mtihani napotea. Mimi sina akili ya hesabu?"

Akili unayo, mdogo wangu. Ila ukikaa saa mbili ukimtazama mwalimu akikokotoa, aliyefanya mazoezi ni yeye. Kuogelea hakujifunzwi ukiwa umesimama ufukweni.

Chukua swali hili la polinomia: f(x) = x³ − 2x² − 5x + 6. Unaambiwa uonyeshe kwamba (x + 2) inaigawanya bila baki. Unaweka −2 mahali pa x: −8 − 8 + 10 + 6, jibu ni 0. Kumbe wewe umepata 16, unafunga daftari ukisema polinomia zimekushinda. Hazijakushinda! Umeandika kwamba (−2)² ni −4, wakati ni 4. Kosa lako ni la alama ya kutoa, somo la madarasa ya nyuma. Mwalimu hawezi kuliona kama kalamu anaishika yeye. Kwa hiyo ukifika tuisheni mwambie: "Mwalimu, naomba nifanye mimi, wewe uniangalie nakwama wapi." Na uende na swali ulilolijaribu nyumbani, hata kama uliishia mstari wa pili.

Hiyo ndiyo faida ya tuisheni ambayo darasa kubwa haliwezi kukupa. Kambi yetu ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu kama 10,000 hivi, na leo tumepita 50,000. Kwa wingi huo, darasani mwalimu hana muda wa kupitia daftari la kila mtu.

Wewe uliyeanzia shule Uvira, Bukavu au Bujumbura, una mzigo mwingine. Kwa Kifaransa ulizoea kuandika 3,5 na hapa ni 3.5. Tanjenti uliifupisha tg, hapa ni tan. Ukigawanya, kigawanyo ulikiweka kulia, hapa kinakaa kushoto. Hesabu ni ileile, lakini mwalimu asiyejua ulikotoka atadhani hujui kitu. Mweleze. Kisha tenga kurasa za mwisho za daftari, andika neno la Kifaransa, la Kiingereza, na maelezo yako mwenyewe kwa Kiswahili. Kubishana na wenzako fanyeni kwa Kiswahili ili mwelewe, lakini jibu liandikwe kwa Kiingereza, maana ndicho cha mtihani.

Najua wapo mnaowaza kwenda tuisheni Lilongwe. Ni kama kilomita 40, nauli ya minibasi ni pesa ya unga nyumbani, na tangu serikali ilipoamuru mwaka 2023 wakimbizi waliokuwa mijini warudi kambini, kutoka bila kibali ni kujitafutia matatizo. Usihatarishe usalama wako kwa ajili ya somo moja. Hapa hapa kambini wapo kaka na dada waliosoma hisabati na fizikia Kongo au Burundi. Unganeni watu wanne au watano, mchangie kidogo kidogo, mtafute karatasi za mitihani iliyopita ya MANEB, bodi ya mitihani ya Malawi. Wewe uliyeko Lilongwe kihalali, wapigie picha wenzako wa kambini maswali unayoyapata huko.

Wasichana, hili nalisema kwa uzito. Tuisheni ifanyike mchana, mahali pa wazi, mkiwa kundi. Anayetaka ubaki peke yako, au anayesema malipo "tutaelewana", huyo mwepuke, na umwambie mama, shangazi au mwalimu wa kike unayemwamini. Aibu si yako.

Kwa nini nawasumbua hivi? MSCE hupimwa kuanzia 1, daraja la juu, hadi 9, kufeli. Kozi nyingi za chuo zinataka upate 6 au bora zaidi kwenye hisabati, yaani kredito. Programu ya WUSC inayowapeleka wanafunzi wakimbizi Kanada nayo huangalia matokeo. Kwa sisi ambao njia zetu ni chache, somo moja linaweza kufunga au kufungua mlango.

Basi wiki hii fanya hivi: chagua swali moja ulilokosea, lirudie peke yako bila kutazama jibu, kisha mweleze mwenzako kila mstari na sababu yake. Ukikwama kwenye mstari wowote, huo ndio uupeleke tuisheni.