Sheria ya Nchi na Baraka ya Kanisa: Mafundisho kutoka Ujerumani

Walimu huulizwa na washarika: Je, ni kweli ya kuwa serikali ya Ujerumani imewalazimisha Walutheri kufungisha ndoa za wanaume wawili, au wanawake wawili? Swali hili lataka jibu la kweli, maana Amri ya Nane yatukataza kumsingizia jirani, hata akiwa mbali.

Kwanza, tujue sheria ilivyokuja. Ujerumani ni nchi ya shirikisho yenye majimbo 16. Kila jimbo lina serikali yake, na yote yana sauti katika Baraza la Majimbo. Mwaka 2001 ilianza kutumika sheria ya Bunge la nchi nzima ya kuwaandikisha wenzi wa jinsia moja. Mambo ya kodi yalitiwa katika sheria ya pili, nayo Baraza la Majimbo likaikataa. Tena Bayern, Sachsen na Thüringen wakapeleka shauri mbele ya Mahakama ya Katiba mjini Karlsruhe. Mwaka 2002 Mahakama ikaamua ya kuwa ndoa ya mume na mke haipunguziwi kitu kwa sababu wengine, wasioweza kuifunga, wamepewa haki zao. Mwaka 2013 ikaamuru ya kuwa katika kodi nao wahesabiwe kama mume na mke. Hatimaye, tarehe 30 Juni 2017, wabunge 393 walikubali na 226 walikataa, na tangu 1 Oktoba mwaka ule ndoa ya serikali imefunguliwa kwao.

Pili, tutenge ndoa ya serikali na baraka ya kanisa. Huko, tangu mwaka 1876, ndoa ya sheria hufungwa mbele ya mwandikishaji wa serikali. Dk. Martin Luther naye alifundisha ya kuwa ndoa, ingawa ni agizo la Mungu, ni jambo la ulimwengu huu, lililo chini ya watawala. Basi sheria ya 2017 haikumlazimisha mchungaji awaye yote. Makanisa ya huko huamua kila moja katika sinodi yake. Kanisa la Kiinjili la Rheinland liliamua kuwafungisha wenzi hao mwaka 2016, kabla ya sheria ile.

Tatu, tujiangalie sisi. Kanisa letu, katika Tamko la Dodoma la mwaka 2010, lilizikataa ndoa hizi. Lakini anayelishika tamko hilo asilitetee kwa uongo, akisema serikali imewalazimisha wachungaji. Wala tusisahau ya kuwa sheria hizi zahusu mambo ya nyumbani: urithi, kodi, na pensheni ya aliyefiwa. Wenye kuyahitaji hayo ni watu, nao ni jirani zetu.

Mwalimu awaulize wanafunzi wake: Mamlaka ya serikali yakoma wapi, na ya kanisa yaanzia wapi? Tena, je, twaweza kumpinga mtu tukilitunza jina lake?