Kuwania Kiti cha Wanasaikolojia wa Kazi Barazani: Maswali na Majibu

Likitajwa neno mwanasaikolojia, wengi wetu hufikiria chumba tulivu na mtu anayesimulia yaliyomsibu. Lakini wako wanasaikolojia wasio na mgonjwa hata mmoja. Hao hutunga majaribio ya kuchuja waombaji wa kazi, hupima kama usaili unapendelea kundi fulani, huchunguza kwa nini wafanyakazi hodari wanahama na kwa nini zamu ya usiku huzaa ajali. Marekani huitwa wanasaikolojia wa viwanda na mashirika. Chama chao, SIOP, ni Divisheni ya 14 ya chama kikubwa cha taaluma nzima, American Psychological Association, yaani APA. Wanachama wake huchagua watu wa kwenda kuwasemea katika Baraza la Wawakilishi la APA. Uchaguzi huo haupigiwi kelele sana, ila unagusa mambo mazito, ikiwemo nani ana haki ya kujiita mwanasaikolojia.

Baraza hilo ni kitu gani?

Ni bunge la chama. APA ilianzishwa mwaka 1892 katika Clark University, mjini Worcester, Massachusetts, na rais wake wa kwanza akawa G. Stanley Hall. Leo makao makuu yako Washington. Chama kina divisheni 54, ingawa namba zake zinafika 56, kwa kuwa namba 4 na 11 hazina mwenyewe. Kila divisheni ina kiti barazani. Vyama vya saikolojia vya majimbo ya Marekani na vya majimbo ya Canada navyo vina viti. Baraza hukutana mara mbili kwa mwaka, Februari na Agosti, na ndilo linalopitisha sera zinazobeba jina la APA. Shughuli za kila siku ziko mikononi mwa bodi ya wakurugenzi na watendaji.

Watu wa kazini walifikaje kwenye chama cha watu wa tiba?

Swali linafaa kugeuzwa, maana watu wa kazini walikuwemo kabla watu wa tiba hawajawa wengi. Hugo Münsterberg, mmoja wa waasisi wa saikolojia ya viwanda, alikuwa rais wa APA mwaka 1898. Walter Dill Scott, aliyeichukua saikolojia akaipeleka kwenye matangazo ya biashara na uchaguzi wa wafanyakazi, alishika cheo hicho mwaka 1919.

Hata hivyo APA ya zamani ilikuwa nyumba ya maprofesa. Walioitumia elimu hiyo mitaani na viwandani walijiona wageni, na mwaka 1937 wakaunda chama chao cha saikolojia tumizi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia pande mbili zikaungana tena, na katika mpango mpya wa mwaka 1945 APA ikagawanywa katika divisheni. Hapo ndipo Divisheni ya 14 ilipozaliwa, ikiwa ya saikolojia ya viwanda na biashara. Mwaka 1962 neno biashara liliondolewa katika jina, na mwaka 1973 likaongezwa neno mashirika. Mwaka 1982 divisheni ikajisajili kama shirika linalojitegemea, ikajiita SIOP, bila kutoka ndani ya APA. Kwa hiyo ina miguu miwili: ni divisheni kama nyingine, na papo hapo ni chama chenye bodi yake, fedha zake na mkutano wake mkuu.

Wakati huo huo wanasaikolojia wa tiba waliongezeka hadi wakawa wengi kuliko wote. Watafiti wa vyuo vikuu wakalalamika kwamba chama kimegeuka chama cha waganga. Jaribio la kukipanga upya lilishindwa kwa kura mwaka 1988, na mwaka huo huo kundi la watafiti likaanzisha chama kingine, kinachojulikana leo kama Association for Psychological Science. Ufa wenyewe ulikuwa wa zamani zaidi. Katika uchaguzi wa rais wa APA wa mwaka 1980 wapigakura waliwapanga wagombea watano kwa mfuatano wa upendeleo wao. Mtakwimu Persi Diaconis alipozichambua karatasi hizo aliona makambi mawili, la wasomi wa vyuoni na la watu wa tiba. Hadi leo data hiyo hufundishiwa takwimu. Kwangu mimi, mgombea wa kiti cha Divisheni ya 14 asiyejua historia hii bado hajajiandaa.

Nani anaweza kugombea?

Awe mwanachama wa divisheni, na awe mwanachama wa APA yenyewe. Sharti la pili huwanasa baadhi ya watu. Anayehudhuria mikutano ya SIOP kila mwaka lakini ameacha kulipa ada ya APA hawezi kukalia kiti cha Baraza, hata awe na sifa kiasi gani. Jina hupendekezwa na wanachama wenzake, kisha hupigiwa kura. Muhula ni miaka mitatu. Mtu huweza kuchaguliwa tena kwa muhula wa pili mfululizo, baada ya hapo hupisha wengine.

Divisheni hupataje viti zaidi ya kimoja?

Hapa ndipo penye uhondo, na ndipo wanachama wengi wanapolala.

Mbali na kura ya kumchagua mwakilishi, kuna kura nyingine inayoamua divisheni itapeleka wawakilishi wangapi. Kwa utaratibu uliozoeleka kwa miaka mingi, Novemba kila mwanachama wa APA mwenye haki ya kupiga kura hupewa kura kumi. Anazigawa apendavyo kati ya divisheni na vyama vya majimbo. Anaweza kuipa Divisheni ya 14 zote kumi, au tano huku na tano kwa chama cha jimbo lake. Kura zikishajumlishwa, viti hugawanywa kwa uwiano.

Tazama matokeo yake. Mwanasaikolojia wa tiba anayeishi Texas ana sababu nzuri ya kukipa chama cha jimbo lake sehemu ya kura zake, kwa kuwa leseni yake, bima yake na wagonjwa wake viko jimboni humo. Mwanasaikolojia wa kazi anaweza kuwa na makao Ohio, mteja Illinois na viwanda vya mteja huyo katika majimbo sita. Chama cha jimbo hakimsaidii sana. Divisheni ndiyo mdomo wake pekee, na asipoipa kura zake hakuna mwingine wa kuisaidia. Ndiyo maana viongozi wa divisheni huwasihi wanachama kila mwaka wazielekeze zote kumi upande mmoja, na ndiyo maana siwalaumu wakionekana wasumbufu. Mtu anayesema hana muda wa siasa za chama, kisha akashangaa sera imepita bila kumfikiria, amejitakia.

Mwakilishi hufanya nini akishafika?

Husoma. Ajenda ya Baraza huja na makabrasha mazito, na mengi hayahusu kazi wala mashirika: afya ya watoto, mitaala ya vyuo, uhusiano na nchi za nje. Kazi yake ya kwanza ni kuuona mstari mmoja uliojificha ndani ya waraka mrefu, unaoweza kuwaumiza watu wake bila aliyeuandika kukusudia.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni leseni. Marekani kila jimbo lina sheria yake kuhusu nani anaruhusiwa kujiita mwanasaikolojia, na APA huandika sheria ya mfano ambayo mabunge ya majimbo yanaweza kuifuata. Ikisema kila mwanasaikolojia lazima awe amefanya mafunzo ya tiba chini ya msimamizi mwenye leseni, basi daktari wa falsafa aliyetumia miaka akitafiti uongozi kazini hatapata leseni, kwani hakuwahi kumhudumia mgonjwa na hata wasimamizi wenye leseni katika fani yake ni adimu. Toleo la mwaka 2010, lililopitishwa na Baraza, lilitambua makundi mawili: wanaotoa huduma za afya, na wanaotumia saikolojia kwa mambo mengine, wakiwemo wa kazi na mashirika. Kwenye karatasi, kutambua makundi mawili kunaonekana jambo dogo. Kwa mshauri anayeogopa kushtakiwa kwa kutumia cheo asichoruhusiwa, ni suala la riziki. Nao wanasaikolojia wa kazi wenyewe hawasemi kwa sauti moja: wapo wanaotaka leseni ili waheshimike, na wapo wanaoiona mzigo usio na faida. Mwakilishi anapaswa kuwasemea wote wawili, jambo ambalo si rahisi hata kidogo.

Mfano wa pili ni wa furaha zaidi. Mwaka 1971 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Griggs dhidi ya Duke Power, iliamua kwamba mwajiri hawezi kutumia jaribio linalowaengua Weusi kama halina uhusiano na kazi yenyewe. Tangu hapo kuthibitisha kwamba jaribio linapima kinachohitajika kazini kumekuwa jambo la mahakamani. SIOP ina mwongozo wake wa namna ya kuthibitisha vipimo vya kuchagulia wafanyakazi. Toleo la tano lilipitishwa na Baraza mwezi Agosti 2018 kuwa sera ya APA, na hivyo kubeba uzito wa chama kizima. Kazi kama hiyo haifanyiki siku ya kura. Waraka husomwa na kamati moja baada ya nyingine, na mtu mmoja asiyeuelewa anaweza kuukwamisha. Ndipo mwakilishi anapohitaji marafiki kwenye divisheni nyingine, hasa wale wa upimaji na wa ushauri wa mashirika.

Kuna pia mambo ya dhamiri. Agosti 2015, mjini Toronto, Baraza lilipiga marufuku wanasaikolojia kushiriki katika mahojiano ya usalama wa taifa, baada ya ripoti ya uchunguzi kuonyesha jinsi viongozi wa chama walivyoshirikiana na Wizara ya Ulinzi. Aliyepinga alikuwa mmoja tu. Wawakilishi wa saikolojia ya kazi nao walitakiwa kupiga kura siku hiyo, japo hawakuwa wametumwa kwa ajili ya jambo kama hilo.

Je, mwakilishi ni tarishi wa waliomchagua?

Hapana. Akishaketi barazani anawajibika kwa chama kizima. Anaposhauriwa na divisheni yake asikilize kwa makini, lakini mkono anaounyoosha ni wake. Mgombea anayeahidi kupiga kura daima kama atakavyoambiwa, ama haijui kazi, ama anaomba kura kwa maneno matamu.

Kampeni yake ikoje?

Ya maneno machache: maelezo mafupi ya mgombea, labda na barua za wenzake. Mabango hayahitajiki. Wengi huorodhesha machapisho na tuzo. Ningekuwa na kura, ningetafuta vitu vingine: amewahi kukaa kwenye kamati gani za APA, analijua suala la leseni kiasi gani, na kama anaweza kumweleza mwanasaikolojia wa watoto umuhimu wa usaili wa kazi bila kumchosha. Profesa mashuhuri asiyehudhuria vikao ana faida ndogo kuliko mtu wa kawaida anayesoma makabrasha yote.

Sisi wa Afrika Mashariki tunahusikaje?

Mwanasaikolojia wa Nairobi au Dar es Salaam anaweza kujiunga na APA kama mshirika wa kimataifa, ila ushirika huo haumpi kura katika chaguzi zake. Funzo liko kwenye sheria za nyumbani. Kenya ilitunga Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia mwaka 2014, yenye utaratibu wa kuwasajili na kuwapa leseni. Afrika Kusini, saikolojia ya viwanda ina kundi lake rasmi katika daftari la baraza la taaluma za afya. Mahali popote sheria ya namna hiyo inapoandikwa au kurekebishwa, lazima mtu aulize ofisa anayetunga majaribio ya ajira yumo au hayumo, na amesomea wapi. Kama hakuna mwakilishi wa fani hiyo mezani, jibu litatolewa na wengine.

Kwa Mswahili aliye Marekani, mwanachama wa APA na wa Divisheni ya 14, jambo la kufanya ni jepesi: hakikisha ada yako ya APA imelipwa, soma maelezo ya wagombea kabla ya kuchagua, na Novemba usiziache kura zako kumi zikapotea bure.