Kamanyola: jina kubwa, mji mdogo

Jina la Kamanyola linajulikana Kongo nzima, mji wenyewe haujulikani. Kizazi cha wazazi wetu kililisikia kama jina la divisheni ya jeshi, la meli ya Rais Mobutu, kisha la uwanja wa mpira wa Kinshasa. Nataka kulirudisha hapa Kivu ya Kusini, katika teritwari ya Walungu.

Tuanze na mto. Ruzizi hutoka Ziwa Kivu, kwenye mita 1460 hivi, na kuingia Tanganyika chini ya mita 800. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo huishia katika makorongo ya juu. Ndiyo maana mitambo ya umeme ya Ruzizi I na Ruzizi II ilijengwa huko. Kamanyola iko pale milima inapoachia na uwanda unapofunguka. Ng'ambo ni Bugarama ya Rwanda, penye chemchemi za maji moto. Kusini kidogo Burundi inaanza.

Kwa barabara ya Kongo, msafiri wa Bukavu hufika kupitia Nyangezi na miteremko ya Ngomo. Kwangu mimi kivutio cha kwanza ni hicho: kona moja, na uwanda wote uko chini yako. Joto linapanda, makoti yanavuliwa, mashamba ya mpunga yanatokea.

Hapo pana somo la lugha pia. Sisi husema tunashuka Uvira, tunapanda Bukavu. Mwenye ramani tu atadhani kupanda ni kwenda kaskazini. Sivyo: kitenzi kinapima mwinuko wa ardhi yenyewe. (Na mtu hupanda gari ili ashuke Uvira, mgeni na ahangaike!) Sokoni Kishi, Kifuliiru, Kinyarwanda na Kirundi hukutana, na bei hukatwa kwa Kiswahili.

Umaarufu wa jina ulitoka vitani. Mei 1964 waasi waliteka Uvira, wakaelekea Bukavu. Mwezi uliofuata jeshi la serikali lilipigana nao Kamanyola, na utawala wa Mobutu, aliyekuwa mkuu wa jeshi hilo, uliyageuza mapigano hayo kuwa hadithi ya ushujaa wake. Uwanja wa Kinshasa, uliofunguliwa 1994, ulipewa jina hilo. Tangu 1997 unaitwa wa Mashahidi. Kwa upande mwingine, Septemba 2017 wakimbizi wa Burundi zaidi ya thelathini waliuawa kwa risasi Kamanyola, na tukio hilo halikuzaa jina la kitu chochote.

Katika simulizi rasmi ya 1964 wanakijiji hawasemi neno. Aliyekuwa na miaka kumi wakati ule sasa amepita sabini. Huyo ndiye ningependa wanafunzi wa kitivo chetu tukamrekodi kwanza, kwa Kishi au Kifuliiru chake: daraja aliliitaje, askari aliwaitaje, na waasi je?