Mafuta yakishuka bei duniani, nani anapata na nani anakosa? Somo kwa wauza mtandaoni

Leo somo ni refu kidogo, kwa hiyo tafuta sehemu utulie, usome mpaka mwisho.

Taarifa ya habari ikisema tu mafuta yameshuka bei kwenye soko la dunia, mambo mawili hutokea. Wateja wanaanza kutuuliza inboksi, "Mafuta si yameshuka, mbona delivari bado ileile?" Halafu baadhi yetu tunakimbilia kushusha bei ili tuonekane wa kwanza. Sasa elewa hivi: ukishusha bei wakati gharama yako haijashuka, hilo punguzo linatoka kwenye mtaji wako. Na kwa mtu mwenye mtaji wa laki mbili au tatu, miezi miwili ya namna hiyo inatosha kumaliza biashara.

Ninachotaka uondoke nacho leo ni hiki: mafuta yakishuka bei, wapo wanaopata unafuu na wapo wanaopoteza kazi. Wewe muuzaji unatakiwa kujua mteja wako yuko upande gani. Twende taratibu.

1. TUCHUKUE MFANO ULIOTOKEA KWELI

Juni 2014 pipa moja la mafuta ghafi, ambalo ni kama lita 159, lilikuwa linauzwa karibu dola 115. Januari 2016 pipa hilohilo lilikuwa chini ya dola 30. Ndani ya mwaka mmoja na nusu bei ilipungua zaidi ya robo tatu.

Sababu siyo ngumu. Marekani walikuwa wamepata njia ya kutoa mafuta mengi kwenye miamba migumu, hasa Texas na North Dakota. Novemba 2014 nchi za OPEC zikakutana Vienna, Saudi Arabia ikiwa mbele, wakakataa kupunguza uzalishaji ili wasipoteze wateja wao. Wakati huohuo uchumi wa China ulikuwa unapunguza kasi. Mzigo ukawa mwingi kuliko wanunuzi. Ni kama nyanya msimu wa mavuno, kila mtu kaleta tenga lake sokoni na hakuna anayetaka kurudi nalo nyumbani.

2. MAREKANI: FURAHA MJI HUU, KILIO MJI ULE

Katikati ya 2014 galoni moja ya petroli Marekani, kama lita 3.8, ilikuwa karibu dola 3.70 kwa wastani. Kufika Januari 2016 ilikuwa chini ya dola 2. Mtu anayeendesha gari kwenda kazini kila siku alibaki na chenji mfukoni. Mashirika ya ndege na wenye malori nao walipumua.

Sasa nenda Williston, mji mdogo wa North Dakota. Wakati mafuta yana bei, watu walihamia pale kutoka kila kona kutafuta kazi, mpaka kodi za nyumba zikawa miongoni mwa kubwa kabisa Marekani nzima. Bei ilipoanguka mitambo ilisimamishwa, wafanyakazi wakaondoka, vyumba vikabaki vitupu. Kampuni ya Schlumberger peke yake, inayofanya kazi za visima vya mafuta duniani, ilipunguza watu wapatao 34,000 kati ya mwisho wa 2014 na mwisho wa 2015.

Jiweke kwenye nafasi ya mama muuza chakula pale Williston. Petroli ya gari lake imekuwa rahisi, ndiyo, lakini waliokuwa wanakula kwake wamefungasha wameondoka. Hiyo petroli rahisi inamsaidia nini?

3. NIGERIA: MAFUTA YANASHUKA DUNIANI, PETROLI INAPANDA MTAANI

Hapa ndipo wengi hushangaa. Nigeria inachimba mafuta yake yenyewe, na ndiyo yanayoiletea sehemu kubwa ya dola. Bei ilipoanguka, dola zikawa adimu. Mwaka 2015 majimbo mengi yakashindwa kulipa mishahara ya wafanyakazi wa serikali kwa miezi kadhaa. Juni 2016 naira ikaachiwa, ikatoka karibu 197 kwa dola moja mpaka zaidi ya 280. Mwaka huo uchumi wao ulirudi nyuma.

Petroli je? Mei 2016 bei yake ilipanda kutoka naira 86.50 kwa lita hadi 145. Viwanda vyao vya kusafisha mafuta vilikuwa hoi, kwa hiyo walikuwa wanauza mafuta ghafi nje halafu wananunua petroli kutoka nje kwa dola ambazo hawana.

Mwalimu wa Lagos aliyekuwa anasubiri mshahara wa miezi mitatu hakununua viatu vipya. Na aliyekuwa anauza viatu hivyo hakuwa amekosea chochote.

4. GHUBA: HAPA INATUGUSA SISI MOJA KWA MOJA

Saudi Arabia na Omani nazo zilibanwa. Desemba 2015 Saudi Arabia ilipandisha bei ya petroli kwa wananchi wake, na Januari 2016 Omani nayo ikapandisha, kwa sababu serikali zilipunguza fedha za kufidia. Miradi ya ujenzi ilisimama. Mwaka 2016 maelfu ya wafanyakazi kutoka India walikwama Saudi Arabia bila mshahara, mpaka serikali yao ikawa inawagawia chakula.

Kwa nini nakwambia haya? Kwa sababu watu wetu wapo huko. Kuna dada zetu wanafanya kazi za ndani Muscat na Riyadh, kuna kaka zetu madereva na walinzi, kuna ndugu wa damu walioishi Omani vizazi na vizazi. Hela ikitumwa Unguja, Tanga au Mombasa, ndiyo inayonunua dera la sikukuu, simu ya mtoto na seti ya vyombo. Kama wewe unauza vitu hivyo na wateja wako wengi wanasubiri hela kutoka Ghuba, mafuta yakianguka sana kwako siyo habari ya kushangilia moja kwa moja.

5. KWETU SASA: MBONA PAMPU HAISHUKI KAMA SOKO LA DUNIA?

Tanzania na Kenya tunanunua mafuta kutoka nje, kwa hiyo kushuka kwa bei kunatusaidia. Ila unafuu unafika kidogo na unachelewa. Sababu kubwa ni tatu.

Ya kwanza ni muda. Mafuta unayoweka leo yalinunuliwa siku za nyuma, yakapanda meli, yakashushwa bandarini. EWURA hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na Kenya EPRA hutangaza tarehe 14. Habari ya leo haiwezi kuwa bei ya kesho.

Ya pili ni kodi na tozo. Nyingi zinahesabiwa kwa shilingi kwa kila lita, hazipungui kwa sababu mafuta yamepungua. Chukua namba rahisi za kujifunzia. Lita inauzwa 3,000. Tuseme 1,500 ni mafuta yenyewe, na 1,500 ni kodi, tozo, usafiri na faida za wauzaji. Mafuta yenyewe yakishuka nusu, yanakuwa 750. Jumlisha 1,500 ya pale pale unapata 2,250. Duniani imeshuka nusu, pampu imeshuka robo tu.

Ya tatu ni dola. Mwishoni mwa 2014 dola ilikuwa kwenye sh. 1,700 na kitu. Mwisho wa 2015 ilikuwa imepita 2,100. Mafuta yalishuka, lakini shilingi nayo ilishuka, ikala sehemu ya unafuu. Na kama unaagiza mzigo China, hiyo dola ndiyo inakuumiza zaidi kuliko petroli.

6. HESABU YA BODA

Mteja anataka delivari ishuke. Mpigie hesabu. Boda anakutoza 5,000 kupeleka mzigo mbali, na kwenda na kurudi anatumia nusu lita. Petroli ikiwa 3,000, mafuta yake ni 1,500. Petroli ikishuka 200 kwa lita, boda ameokoa 100. Ile 3,500 iliyobaki ni hesabu ya tajiri, matairi, oili, na ugali wa watoto. Huwezi kumwambia ashushe buku kwa sababu ya 100. Ukimlazimisha, mzigo wako ndio utakaokuwa wa mwisho kufikishwa.

Mwambie mteja ukweli kwa upole: "Dada, petroli imeshuka kidogo, kwa safari moja ni kama shilingi mia. Ikishuka vya kutosha nitakupunguzia." Wateja wengi wakiona hesabu wanaelewa.

7. ULIZA: IMESHUKA KWA NINI?

Hili swali ni muhimu kuliko bei yenyewe. Mafuta yanaweza kushuka kwa sababu yamezidi, kama 2014. Hapo nchi zinazonunua zinapata unafuu. Lakini yanaweza kushuka kwa sababu watu wameacha kununua, na hiyo ni ishara mbaya. Julai 2008 pipa lilifika dola 147, Desemba likawa chini ya 40, kwa sababu uchumi wa dunia ulikuwa umeingia kwenye mtikisiko. Tarehe 20 Aprili 2020, wakati wa korona, mafuta ya Marekani ya kupokelewa mwezi Mei yalifunga soko kwenye hasi dola 37. Yaani muuzaji alikuwa tayari kukulipa wewe uyachukue, maana hakukuwa na pa kuyaweka. Watu walikuwa ndani, ndege ziko chini, hoteli zimefungwa. Muulize aliyekuwa anauza nguo za ufukweni kwa watalii Zanzibar mwaka ule kama petroli rahisi ilimsaidia.

8. UFANYE NINI MWEZI HUU

Usiguse bei mpaka gharama yako ishuke kweli kwenye daftari. Angalia ulilipa shilingi ngapi usafiri mwezi uliopita na mwezi huu.

Bei kikomo ikitangazwa, iandike. Miezi mitatu mfululizo ikishuka, hapo kaa na boda wako na watu wa basi mzungumze. Kama unampa boda mizigo mingi kwa siku, una nguvu ya kuomba punguzo.

Ukipata unafuu, usiumalizie wote kwenye punguzo. Gawa: sehemu kwa mteja, sehemu irudi kwenye mtaji. Yakipanda tena utakuwa na pa kushikia.

Kama wateja wako wanategemea sehemu moja, mfano Ghuba, utalii au mgodi mmoja, anza kutafuta kundi la pili taratibu. Na usiwakopeshe sana kipindi ambacho huko wanakotegemea kunayumba.

ZOEZI

Fungua WhatsApp yako, chukua wateja 20 wa mwisho. Mbele ya kila jina andika hela yake inatoka wapi: mshahara wa serikali, boda, kilimo, ndugu wa nje, duka, utalii. Usimuulize mtu, andika unachokijua. Halafu jibu: mafuta yakianguka nusu kesho, wangapi kati ya hao watakuwa na hela zaidi, na wangapi watakuwa na hela pungufu?

Ukishapata namba zako, ziweke hapo chini tujadili. Na kama kuna mwenzako ameshaanza kuandika "punguzo la mafuta" kwenye status, mtumie somo hili kabla hajamaliza mtaji.

Kazi njema.