SOMA NAMBA NYUMA YA MSASA

Ukipita Keko, Dar es Salaam, utaona mafundi seremala wamepanga vitanda na makabati. Siku hizi baadhi ya mafundi wa mjini hutengeneza pia meza ambayo ukingo wake haukunyooshwa kwa msumeno. Umeachwa na mapindo yake, kama mti ulivyoota. Mbao zenyewe, kama mninga na mkongo, zinatoka mikoani kwetu. Kama una ubao wa namna hiyo uliovunwa kwa kibali, nawe waweza kuutengeneza. Lakini kazi nyingi huharibikia kwenye msasa.

Msasa ni jina la mti. Majani yake yanakwaruza, na wazee walisugulia mbao. Karatasi ya dukani imerithi jina hilo.

Geuza karatasi hiyo. Nyuma pana namba. Namba ndogo ndiyo inayokwaruza sana. Namba kubwa ni laini. Wengi wanadhani ni kinyume chake.

Mimi mwenyewe nilikosea. Nilikwenda Kariakoo, nikanunua namba 60 na 240 tu, nikidhani nabana matumizi. Ubao ukawa laini mkononi. Nikapaka vanishi. Kulipokucha, lo! Mikwaruzo ya namba 60 imejitokeza yote, kama kiwanja kilichopitishwa reki. Fundi mmoja mzee pale Gerezani akacheka: "Mwalimu, umeruka madarasa!" Ikabidi nikwangue vanishi yote, nianze upya.

Basi, anza na 60, kisha 80, 120, 180, umalizie na 240. Kazi ya kila namba ni kufuta mikwaruzo ya namba iliyotangulia. Sugua kwa kufuata nyuzi za mti, usizikate. Kabla ya kila namba, chora mistari ya penseli juu ya ubao. Mistari ikifutika yote, hamia namba inayofuata. Mwisho futa kwa kitambaa chenye unyevu, uache ukauke, halafu mulika tochi kwa ubavuni. Mkwaruzo uliojificha utauona. Usitumie kibatari: vumbi la mbao na vanishi vyote vinashika moto.

Ukingo usiusahau. Bandua gome lote. Gome likibaki hudondoka baadaye, na chini yake hujificha wadudu. Ile sehemu nyeupe ya mninga, iliyo karibu na gome, ndiyo wanayoipenda. Ukiona matundu madogo yanayotoa unga, wameshaingia, na vanishi haitawaondoa. Hapo ukingoni sugua kwa mkono, taratibu, mapindo yasipotee.

Fanya kazi nje, uvae barakoa au ufunge kitambaa puani. Vumbi la mninga huwakohoza watu, na wengine huwabana kifua.

ZOEZI: Ubao una urefu wa sentimita 200 na upana wa sentimita 60. Fundi anapaka vanishi upande wa juu mara 3. Je, jumla atapaka mita za mraba ngapi?