Tumbo la Mtoto na Vijidudu Vyake
Kijitabu cha kaya za Nsemulwa, Manispaa ya Mpanda

Matrilioni ya bakteria wanaishi tumboni mwa kila mmoja wetu, na wengi wao hawana ubaya. Wanameng'enya makapi ya dona, maharage na mboga ambayo utumbo wenyewe hauyawezi, na wanakalia nafasi ambayo vijidudu vya maradhi vingeipata. Kinachotutenga nao ni ute na tabaka moja tu la seli, linalojijenga upya kila baada ya siku chache. Nyuma ya tabaka hilo ndipo iliposongamana sehemu kubwa ya kinga ya mwili mzima.

Kinga hiyo haiui kila kinachopita. Ingefanya hivyo, kila tonge lingekuwa homa. Inafanya kazi kama mjumbe wa nyumba kumi: anawajua wakazi wake, anawaacha waishi, anamhoji mgeni. Utumbo humwaga kingamwili aina ya IgA, ambazo huwanasa bakteria kwenye ute wasiufikie ukuta. Anayepenya ndiye anayewashiwa moto, na moto huo ndio uvimbe.

Mtoto mchanga bado hajui nani mkazi na nani mgeni, kwa hiyo mama humwazima kinga yake. Dang'a, yale maziwa ya kwanza ya njano, imejaa IgA zilizotengenezwa dhidi ya vijidudu ambavyo mama mwenyewe amekutana navyo. Maziwa ya mama yana pia sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya, bali ni chakula cha bakteria wema. Bibi akishauri dang'a ikamuliwe na kumwagwa, tumsikilize kwa heshima, lakini mtoto ainyonye. Maji, hata kijiko kimoja, yasubiri miezi 6.

Anayekua vibaya bila kuharisha

Hapa ndipo wazazi wengi hushangaa: mtoto anakula, haharishi, lakini mstari kwenye kadi ya kliniki haupandi. Kuanzia mwaka 2009, watafiti waliwafuatilia watoto wa Haydom, mkoani Manyara, na wa nchi nyingine 7, tangu kuzaliwa hadi miaka 2. Walikuta vijidudu vya maradhi hata kwenye vinyesi vya watoto wasioharisha, na waliobeba vingi zaidi walikua kidogo zaidi. Ukuta wa utumbo unaoshambuliwa kila siku hubaki umevimba na kuvuja. Chakula hakifyonzwi vizuri, na nguvu iliyopaswa kurefusha mifupa inaishia kwenye mapambano. Mwaka 2022, watoto 30 kati ya 100 wenye umri chini ya miaka 5 nchini walikuwa wamedumaa. Kwa jirani zetu wa Rukwa, mkoa ambao wetu ulimegwa kutoka kwake mwaka 2012, ilikuwa karibu nusu. Chakula kidogo kina lawama yake, lakini si yote.

Je, choo na maji safi vinatosha? Utafiti mkubwa wa magharibi mwa Kenya, uliochapishwa mwaka 2018, uliwapa wananchi vyoo bora, dawa ya maji na vifaa vya kunawia, na bado watoto hawakurefuka zaidi. Tusiache kunawa kwa sababu hiyo. Ila uchafu una njia nyingi, na mojawapo iko uani. Nchini Zimbabwe, watafiti walioketi kuwatazama watoto wanaotambaa waliwaona wakila udongo na hata kinyesi cha kuku. Kama kuku wako wanalala ndani, wajengee banda, na mtoto atambae kwenye mkeka uliofuliwa.

Inadhaniwa utumbo uliovimba hupunguza hata nguvu ya chanjo za matone. Chanjo ya virusi vya rota, inayotolewa nchini tangu 2013, ilipojaribiwa Malawi ilizuia takriban nusu ya kuharisha kukali kwa rota. Afrika Kusini ilizuia robo tatu. Nusu hiyo ni watoto wengi waliobaki hai. Mpeleke wako akifika wiki 6, usichelewe.

Jambo moja la jikoni: togwa. Katika utafiti wa hapa Tanzania miaka ya 1990, watoto waliopewa uji uliochachushwa kila siku walikuwa na bakteria wachache zaidi wa kuharisha kwenye kinyesi kuliko wenzao. Aliyevuka miezi 6 anaweza kuinywa, mradi maji yamechemka na chombo ni safi. Uji uliolala mezani ukachacha wenyewe si togwa, mwaga.

Mtoto akiharisha, usikimbilie kununua antibiotiki dukani. Huwaua wakazi wema pamoja na wageni, na kuharisha kwingi kwa watoto husababishwa na virusi ambavyo dawa hizo haziviwezi. Mpe ORS, vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, na aendelee kunyonya na kula. Ukiona damu kwenye choo, macho yaliyodidimia, kutapika kila anachokunywa, au choo kama maji ya mchele, mpeleke kituo cha afya saa hiyohiyo, iwe mchana au usiku.